Gari Limepanda, Mtetemo Umeingia

 Meseji mnazoniletea siku hizi zina wimbo mmoja: gari lilikuwa zuri, likapandishwa inchi mbili au tatu, likavalishwa matairi makubwa, na sasa likifika themanini linatetemeka hadi kioo cha kati hakionyeshi kitu. Mmoja wenu wa Arusha, mwenye Land Cruiser ya 80 anayobebea wageni, ameshabadilishiwa krosi zote za propela, ameshabadilishiwa mauntingi za injini, na sasa fundi anaisema difu. Ananiuliza difu ya mtumba ataipata wapi. Mdogo wangu, funga pochi kwanza.

Mtetemo una tabia zake, na ukizijua hutalipia kubahatisha. Swali langu la kwanza huwa hili: unafuata injini au unafuata mwendo? Tafuta barabara iliyonyooka, tupu, kaa kwenye ile kasi inayokutesa, kisha toa gia ya tano urudi ya nne. Injini itapaza sauti. Mtetemo ukibaki vilevile, injini iache ipumzike. Tatizo liko nyuma ya giaboksi: transfa, propela, difu, ekseli au magurudumu yenyewe.

La pili, unausikia wapi, na ni mzito au mwembamba? Hapa hesabu ndogo inasaidia. Tairi la 265/75 R16 likizunguka mara moja linakula kama mita 2.5 za barabara, kwa hiyo kwenye kilomita 80 kwa saa linazunguka mara 9 hivi kila sekunde. Propela, kama difu yako ni ya 4.1, inazunguka mara 36 katika sekunde hiyohiyo. Huhitaji mashine kutofautisha hizo mbili. Tairi linatikisa, unaliona kwenye usukani unavyocheza mkononi. Propela inavuma, unaisikia kwenye sakafu, kwenye kiti, kwenye fimbo ya gia.

Kama ni mtikiso wa tairi, usiende hata gereji. Nenda pa kuoshea magari. Lala chini uangalie upande wa ndani wa rimu, ule usioonekana ukiwa umesimama. Ukitoka kwenye udongo mweusi wa mbugani, donge la tope hukauka humo likang'ang'ania upande mmoja, na donge hilo tu linatosha kuharibu balansi. Nimeona watu wakinunua shokapu mpya kwa ajili ya tope.

Sasa tuje kwenye ule mvumo, maana ndiko wengi wenu mliko. Krosi ya propela ina ubishi wa asili. Ikipinda, hata kama transfa inaizungusha kwa mwendo uleule, upande wa pili unatoka ukikimbia na kupunguza, ukikimbia na kupunguza, mara mbili katika kila mzunguko. Robert Hooke wa Uingereza alishaliandika jambo hili katika karne ya 17, kabla hata gari halijawazwa. Dawa yake ni krosi ya pili upande wa difu, inayofanya makosa yaleyale kinyume ili yafutane. Lakini yanafutana kwa masharti: pembe za juu na chini zilingane, na uma za propela zikae kwenye mstari mmoja. Kupandisha gari kunagusa sharti la kwanza. Fundi aliyefungua propela apake grisi akairudisha imeruka jino moja anavunja la pili. Ndiyo maana nasema kila siku: kabla ya kufungua, chora alama ya rangi kwenye propela na kwenye flanji. Rangi ya kucha inatosha kabisa, na hapo najua wengine mtacheka.

Kwa magari yenye koili na ekseli ngumu mbele, kama hiyo 80 au Defender, kuna mtego ambao wauzaji wa springi hawausemi. Ukipandisha, ekseli ya mbele inajigeuza kidogo, kasta inapungua, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga barabarani. Fundi anakufungia bushi za kurekebisha kasta, usukani unatulia, unafurahi. Kumbe bushi hizo zimezungusha ekseli nzima, pamoja na pua ya difu, ambayo sasa imeinama. Krosi ya pale difuni inapinda zaidi. Umetibiwa usukani, ukapewa mvumo. Na kwenye gari lenye fowili ya kudumu, propela ya mbele haipumziki hata kwenye lami, kwa hiyo mvumo huo unaishi nao kila siku.

Kipimo ninachokipenda hapa hakihitaji zaidi ya spana ya 14 na nusu saa. Vua propela ya mbele. Bonyeza swichi ya kufunga difu ya kati, ili nguvu yote iende nyuma, kisha endesha hadi ile kasi ya matatizo. Mvumo ukipotea, umeshamjua mkosaji na hujatumia hata shilingi ya spea. Ukibaki, rudisha, uelekeze macho nyuma. Wenye fowili ya kuchagua kazi yenu ni nyepesi zaidi: fungulia habu za mbele kwa mkono na uweke gia ya barabarani, propela ya mbele itasimama yenyewe. Ila chonde, kabla ya kuingia chini weka magogo kwenye magurudumu. Na wenye Defender mnisikie vizuri: breki ya mkono ya gari lenu imekaa nyuma ya transfa na inashika propela ya nyuma. Ukiivua propela hiyo, huna breki ya mkono.

Ukiwa huko chini, shika propela kwa mikono miwili uitikise juu na chini, kisha uizungushe huku na huku. Krosi nzima haichezi. Angalia vikombe vyake: ukiona unga mwekundu kama pilipili ya kusaga umezunguka kikombe, grisi iliisha siku nyingi na sindano za beringi zimekuwa kutu. Hiyo haina mjadala, inabadilishwa. Angalia pia kama propela imegongwa na jiwe, au ina alama mpya za kulehemu.

Halafu pima pembe. Simu yako ina kipimo cha usawa. Iweke kwenye uso wa flanji ya transfa, soma, kisha kwenye flanji ya difu, gari likiwa limesimama kwa miguu yake na si juu ya jeki. Kwa propela ya kawaida yenye krosi moja kila upande, namba hizo mbili zikaribiane, tofauti isizidi nyuzi 1 hivi. Kama una springi za bamba, kabari za chuma chini ya springi zinaweza kuigeuza pua ya difu hadi zilingane. Propela yenye krosi mbili zilizopachikwa pamoja upande wa transfa inataka kingine: pua ya difu iitazame propela moja kwa moja. Ndiyo dawa ya wengi wenye 80 iliyopanda, lakini ukiichanganya na bushi za kasta zinazoinamisha difu, umenunua dawa mbili zinazogombana.

Wenye Hilux, shida yenu mara nyingi si mvumo wa kasi bali mtikiso wakati wa kuondoka tu, gia ya kwanza. Propela yenu ina vipande viwili na beringi ya katikati, na mkipandisha nyuma beringi hiyo inabaki juu ikiwa imepindishwa. Vipande vya kuishusha kidogo hufungwa kwa bolti mbili na kazi imekwisha.

Nitasema wazi ninachoamini: wengi wenu inchi mbili zinawatosha, na tatu mnazitafutia picha. Kurudi chini inchi moja ni matengenezo halali, tena ya bei nafuu kuliko propela mpya.

Na wewe wa Arusha, najua wageni hawangoji. Kama kipimo kitaonyesha ni propela ya mbele, iache nje, funga difu ya kati, na endesha hivyo kwenye lami hadi fundi wa mashine aipime na kuibalansi. Porini utakuwa na magurudumu mawili tu yanayovuta, kwa hiyo safari za matope mpe mwenzako. Bolti na nati za propela zifunge kwenye kitambaa uziweke kwenye boksi la spana, si kwenye mfuko wa suruali.