Meneja Naye Ana Likizo

Kila Desemba inapofika katikati, mabasi ya Moshi na Arusha yanayotoka stendi ya Magufuli pale Mbezi hujaa watu wanaorudi kwao kula sikukuu. Kati yao hukosi kumwona mmoja mwenye kompyuta mpakato mapajani na simu sikioni, akielekeza nani asaini nini na mzigo upi usubiri. Kwenye fomu iliyoko kwa afisa utumishi, mtu huyo yuko likizo tangu Jumatatu. Akifika kijijini atatafuta kwanza mahali panaposhika mtandao, ndipo akae na mama yake. Mara nyingi ni meneja wa tawi, mhasibu mkuu, mkuu wa idara. Leo naandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wale wanaosubiri yeye apumzike ili nao wapumzike.

Viongozi wengi wa kazi wanaamini kwamba sheria ya kazi iliandikwa kwa ajili ya wale wanaowasimamia, na kwamba siku walipopewa cheo walitoka ndani yake. Hawakosei kabisa, maana nusu ya jambo hilo ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayowaumiza.

Sheria ninayoizungumzia ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inayotumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya 2005, kwa hiyo msomaji wa Unguja na Pemba aanzie huko. Namba za vifungu nitakazotaja ni za sheria kama ilivyotungwa mwaka 2004.

Sheria hii ina sehemu ya saa za kazi. Humo ndimo kuna ukomo wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne pamoja na malipo yake ya mara moja na nusu, saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, saa 24 za mapumziko kila wiki, na malipo maradufu kwa anayefanya kazi siku ya sikukuu. Kifungu cha 17 kinasema sehemu hiyo haimhusu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na anayewajibika moja kwa moja kwa mfanyakazi wa menejimenti ya juu. Wazo hilo ni la zamani. Mkataba Na. 1 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1919, ulioweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, nao uliwaacha nje watu wenye nafasi za usimamizi.

Ukisome kifungu hicho polepole, kwa sababu waajiri wengi hukisoma haraka. Kina masharti mawili, na yote mawili lazima yatimie. La kwanza, uwe unasimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri. La pili, unayewajibika kwake awe wa menejimenti ya juu, ambaye sheria inamweleza kuwa ni mtu anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kuingia mikataba ya pamoja na chama cha wafanyakazi kwa niaba yake. Sasa mtazame msimamizi wa zamu kiwandani, au mkuu wa jiko la hoteli anayeripoti kwa meneja wa chakula na vinywaji. Anasimamia watu, hilo halina ubishi. Lakini huyo aliye juu yake hatungi sera wala hasaini mkataba na chama. Kwa maoni yangu, mtu huyu bado ana haki zake zote za saa za ziada na za sikukuu, hata kama kwenye kitambulisho chake pameandikwa “meneja” kwa herufi kubwa. Ukiwa na shaka, chukua karatasi, chora mstari kutoka kwako hadi kwa mkurugenzi mkuu, kisha hesabu vituo vilivyo katikati. Nimeona watu waliopoteza malipo ya miaka kwa sababu ya neno moja la cheo, na kila nikiliona hilo huniuma.

Haya, tuseme umetimiza masharti yote mawili. Hudai ovataimu, na malipo maradufu ya Krismasi huyapati isipokuwa mkataba wako unasema vinginevyo. Je, na likizo imekwenda?

Haikwenda. Likizo iko sehemu nyingine ya sheria, na huko kifungu cha 17 hakifiki. Kifungu cha 31 kinampa mfanyakazi siku zisizopungua 28 mfululizo za likizo yenye malipo kwa kila mzunguko wa miezi 12, na wakubwa hawakutengwa. Malipo ya kipindi hicho unatakiwa upewe kabla hujaondoka. Siku hizo 28 zinajumuisha sikukuu za umma zinazoangukia ndani yake, kwa hiyo anayechukua likizo Desemba ajue kwamba Krismasi, Boksingi dei na Mwaka Mpya zitahesabiwa humo humo, labda mwajiri wake awe na utaratibu mwema zaidi.

Kupanga tarehe ni mamlaka ya mwajiri, lakini mamlaka hayo yana mwisho. Likizo lazima itolewe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha. Inaweza kusogezwa hadi miezi 12 kama umeridhia na kama mahitaji ya kazi yanahalalisha. Aliyeajiriwa tarehe 1 Julai mzunguko wake unaisha 30 Juni, na kikomo chake cha kawaida kinagonga 31 Desemba. Kiongozi anayejisifu kwamba hajachukua likizo miaka mitatu anacheza na mali yake mwenyewe. Sheria inasema likizo isiyochukuliwa ndani ya vipindi hivyo haidaiwi kama malipo ya malimbikizo siku ya kuachana na mwajiri. Kuirundika si akiba.

Na kazi za likizoni? Kanuni ya msingi ni kwamba mwajiri haruhusiwi kumtaka wala kumwacha mfanyakazi afanye kazi yake wakati wa likizo ya mwaka. Tazama hilo neno “kumwacha”: hata ukijitolea mwenyewe, mwajiri hana ruhusa ya kunyamaza. Marekebisho ya baadaye yalifungua mlango mdogo. Mwajiri anaweza kukuita kazini katika kipindi hicho kwa sharti kwamba hufanyi kazi hivyo miaka miwili mfululizo, na akulipe mshahara wa mwezi mmoja badala ya likizo. Kwa hiyo wito huo una bei yake. Simu ya “tafadhali malizia taarifa ya mwaka” inayoingia tarehe 27 Desemba haiwi fadhila kwa kuwa tu imetoka kwa mkurugenzi unayemheshimu.

Sheria yetu haijaandika kwa maneno haki ya kutopokea ujumbe wa kazi nje ya saa za kazi. Ufaransa imeiandika tangu 1 Januari 2017, na Kenya mwaka 2022 muswada wa aina hiyo ulipelekwa katika Seneti. Lakini kwa mtu aliye likizo hatuhitaji kusubiri muswada. Kujibu barua pepe za mwajiri, kuidhinisha malipo na kuongoza kikao kwa simu ni kazi, na kazi wakati wa likizo imekwisha kuwekewa kanuni.

Kuna upande ambao viongozi hawauoni mpaka wadaiwe. Meneja asiyezima simu humwamsha na karani. Tarehe 25 asubuhi anaandika kwenye grupu la ofisi, “naomba hesabu za jana,” na mtu mmoja anaacha pilau jikoni kwenda kufungua kompyuta. Meneja hana malipo ya sikukuu, lakini yule karani anayo: kifungu cha 25 kinampa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi. Ni yaleyale asubuhi ya Idd, watu wakiwa wametoka kuswali na watoto wamevaa nguo mpya. Mwajiri mwenye akili angemlipia kiongozi nauli aende mbali.

Na mwili hauna kifungu cha 17. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba mwaka 2016 watu wapatao 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yanayotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hatari ya kiharusi kwao ilikuwa juu kwa asilimia 35 kuliko kwa wanaofanya kazi saa 35 hadi 40.

Basi fanya hivi. Omba likizo kwa maandishi, utaje mzunguko unaoombea na siku zilizobaki. Usiondoke bila barua ya kumteua kaimu, iliyosainiwa na mkubwa wako, ikieleza anaweza kuidhinisha nini na hadi kiasi gani cha fedha, kwa sababu simu nyingi za likizoni huja pale kaimu asipokuwa na mamlaka. Andika hati ya makabidhiano. Ndani yake eleza dharura ni nini: moto, ajali, wizi, amri ya mahakama. Taja mtu mmoja tu atakayekupigia likitokea mojawapo. Mabenki mengi hulazimisha maofisa wake kuondoka siku kadhaa mfululizo, kwa kuwa udanganyifu uliofichwa huibuka mhusika anapokuwa hayupo, na ofisi yako nayo itajifunza mengi usipokuwepo.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na utunze nakala nyumbani. Kwa madai ya aina hii una siku 60 tangu mgogoro ulipozuka kupeleka fomu namba 1 katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwanza kwa usuluhishi. Kama ungeachishwa kazi, siku zingekuwa 30 tu. Mtumishi wa umma yeye hutakiwa kumaliza kwanza njia zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma.

Ukirudi Januari, kabla hujafungua barua pepe hata moja, mwombe kaimu wako orodha ya mambo aliyoyaamua bila wewe, na uisome yote.