Mafunzo Niliyopata Katika Kusaka Suti

Nimefanya kazi za ofisini Dar es Salaam mpaka nikastaafu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilivaa suti zisizonikaa. Za bei mbaya zilinipwaya, za bei poa zilinibana, na zote nilizinunua kwa haraka siku chache kabla ya jambo kubwa. Wewe unayejiandaa na usaili, au umepandishwa cheo na sasa unatakiwa kusimama mbele ya watu, huna sababu ya kupita njia niliyopita mimi.

1. Anza na bega, mengine yana fundi

Ilikuwa Karume, Ilala, miaka mingi kabla soko halijaungua Januari 2022. Belo la mitumba lilikuwa limefunguliwa asubuhi hiyo, nami nikachomoa koti la kijivu la sufu, bitana nzima, vifungo vyote vipo. Bei ilikuwa ya kuchekesha. Mshono wa bega ulishukia mkononi, lakini nilijipa moyo kwamba fundi atapunguza.

Fundi wangu wa Buguruni aliligeuza ndani nje, akanionyesha kwa kidole. Kupunguza bega maana yake ni kung'oa mikono yote miwili, kukata bega, kupunguza tundu la kwapa, kisha kuirudisha mikono bila kukunjamana. Fedha aliyotaja ilizidi bei ya koti mara kadhaa. "Na bado siahidi kitu, dada," akamalizia.

Tangu hapo naangalia bega kabla ya kuuliza bei. Mshono uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Kiuno hupunguzwa, mikono hufupishwa, pindo hupandishwa, na yote hayo ni kazi ndogo kwa fundi. Kuongeza ni habari nyingine: geuza nguo uone mshono umeachiwa kitambaa kiasi gani. Nguo nyingi za kiwandani huachiwa sentimita moja hivi, na hapo hakuna cha kufumua.

2. Lebo haikujui

Kwa muda mrefu nilikuwa "mtu wa saizi 12", na ukinipa 14 nilikurudishia kama uliyenitukana. Kumbe belo moja linaweza kubeba nguo za nchi tano. Saizi 12 ya Uingereza hukaribiana na 8 ya Marekani, 38 ya Ujerumani, 40 ya Ufaransa na 44 ya Italia. Na hata ndani ya nchi moja, kila kiwanda kina 12 yake.

Kilichonisaidia ni futi kamba. Chukua koti na suruali unazojua zimekukaa, zilaze mezani, pima kifua kutoka kwapa hadi kwapa, kiuno, nyonga na urefu, uandike kwenye simu. Sokoni unalaza nguo, unapima, unaamua. Namba ya kwenye lebo ataiona mfuaji tu.

3. Seti ilishonewa mtu mwingine

Suti mpya za dukani huuzwa seti, koti na sketi za saizi moja. Mimi nyonga zangu ni za saizi moja na mabega ya nyingine, na wanawake wengi ninaowafahamu wako hivyo. Sketi ikinitosha, koti linaninyanyasa. Koti likinikaa, zipu ya sketi inagoma njiani. Usikubali kuchagua kipi kiteseke. Nunua sketi au suruali kwa kipimo cha nyonga, kiuno kipunguzwe baadaye, na koti ulitafute peke yake.

Ila ukinunua vipande mbalimbali, jihadhari na nyeusi. Niliwahi kuoanisha koti jeusi na suruali nyeusi chini ya taa ya kibanda, nikaona nimewin. Kesho yake kwenye jua la saa sita koti lilikuwa na ubluu na suruali ina uhudhurungi. Mwenzangu wa ofisini akaniuliza kwa upole kama kwangu umeme ulikuwa umekatika. Siku hizi nachukua rangi zinazotofautiana waziwazi, koti la kijivu na sketi nyeusi kwa mfano, na navitoa vyote nje kwenye mwanga kabla ya kulipa.

4. Ijaribu ukiwa umekaa

Nakumbuka usaili mmoja ambao wasaili walidhani napenda sana faili langu. Sketi ilikuwa safi nilipokuwa nimesimama mbele ya kioo. Nilipoketi ilipanda juu ya magoti, nami nikalibana faili mapajani mwanzo hadi mwisho. Walipoomba vyeti vyangu nilitoa kimoja kimoja kwa mkono mmoja, kama mtu anayegawa karata.

Sokoni hakuna chumba cha kujaribia, kwa hiyo nenda na taiti na blauzi nyepesi ya kubana, ukiwa na kanga ya kujisitiri. Vaa viatu utakavyovalia suti na sidiria ya siku hiyo. Kisha omba benchi la muuzaji ukae. Inua mkono kama umeshika bomba la daladala. Kutanisha mikono mbele kama unayemkumbatia mtu. Mgongo ukilalamika hapo, utalalamika zaidi mbele ya kompyuta. Funga kifungo: kitambaa kikivutika na kuchora herufi X tumboni, koti hilo ni dogo, hata kama muuzaji anaapa kuwa limekupenda.

5. Joto la pwani halidanganywi

Nililoshangaa kuliko yote ni kwamba sufu nyembamba ina nafuu kwenye joto kuliko poliesta. Nilikuwa nikisikia sufu nafikiria baridi ya Makambako mwezi wa saba. Lakini sufu hupitisha hewa na kunywa jasho. Poliesta hulifungia ndani, na ifikapo alasiri hata wewe mwenyewe unasikia harufu yako.

Kama lebo imefutika, muombe muuzaji akuchomolee uzi mmoja wa kitambaa chenyewe, si wa kushonea, kwenye ukingo wa mshono wa ndani, uuchome. Ukinuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika, ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kitone kigumu, ni poliesta. Angalia na bitana: ya poliesta nzito iliyofunika koti zima huharibu kazi ya kitambaa kizuri. Koti lenye bitana nusu mgongo linafaa zaidi Dar au Tanga.

Na ukilipata, usilifue kila wiki. Ndani ya kola na kifua cha makoti mengi kuna kitambaa kinachobandikwa kwa gundi na pasi. Maji ya moto na pasi kali huibandua, na kifua kikaota malengelenge ambayo hayapoi. Lianike kivulini lipate upepo, lipige brashi, na pasi ipite juu ya kitambaa chenye unyevu.

6. Gawa hela kabla hujatoka nyumbani

Nilikuwa natumia fedha yote kwenye nguo, kisha namwendea fundi na sauti ya kuomba. Sasa ya fundi naitenga kwanza. Koti la mtumba lililorekebishwa vizuri hupendeza kuliko jipya lililoachwa lilivyo.

Fundi mpe nguo inayokukaa kama mfano, maana picha ya simu ni ya mwili wa mtu mwingine. Mwombe apige bandi kwanza, uvae, mkubaliane, ndipo ashone. Siku ya mwisho utakayomtajia iwe wiki moja kabla ya ile unayoihitaji, kwa sababu "njoo kesho" ya fundi ina kesho nyingi. Na kuelekea Idi au Krismasi usimpelekee kabisa. Atakupokea kwa tabasamu, na nguo itakaa chini ya magauni ya mtaa mzima.

7. Kata nyuzi za dukani

Suti mpya huja na mpasuo wa nyuma umefungwa kwa uzi wenye umbo la X, na pengine lebo imeshikizwa mkononi. Vyote ni vya kutolewa. Mimi nilidhani ni urembo, nikapita ofisini na msalaba mweupe mgongoni mpaka dada wa usafi aliponivuta chooni na wembe. Wote tuliokuwa nao kwenye kikao cha asubuhi walikuwa wameuona.

Kwa hiyo kata, kisha jikague mgongo. Mifuko ya nje nayo huja imeshonwa. Hiyo unaweza kuiacha, maana mfuko uliofungwa haujazwi funguo na koti halivutiki upande mmoja. Na ukimwona mwenzako anaelekea kikaoni na ile X, mwite pembeni umwambie. Ni bora aone aibu kwako kwa dakika moja.