Aambiwe Mwenyewe

Wadogo zangu, leo naishika barua moja tu, maana zinazofanana nayo zinanijia kila mara. Moja ya muuza simu, nyingine ya mwalimu, nyingine ya kijana wa benki, na ukiwavua sare zao ugomvi ni ule ule.

Hii imetoka kwa muuguzi wa hospitali moja ya binafsi, wodi ya wanawake. Anasema ana mwenzake, mkubwa kwake kwa umri na kwa miaka ya kazi, ambaye akitoka zamu ya usiku humwachia wodi ovyo: dripu zimekwisha, chati hazijajazwa, boksi la sindano limejaa hadi mdomoni. Akavumilia. Kisha akawaeleza wenzake wa zamu ya asubuhi. Kisha akamnong'oneza inchaji. Hatimaye, siku uvumilivu ulipomwishia, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la wodi: "Kuna watu wanakuja kulala halafu mshahara wanapokea sawa na sisi." Akapachika na emoji za kucheka. Sasa hawasalimiani. Wodi wanakabidhiana kwa kusukumiana kitabu cha ripoti juu ya meza, mmoja anatazama dirishani, mwingine anatazama simu. Anauliza: Dada, niombe kuhamishwa wodi?

Nitakujibu, mdogo wangu. Ila kwanza isome barua yako mwenyewe. Uliowaambia ni wenzako, inchaji, kundi zima ambalo ndani yake wamo hadi wa famasi na wa mapokezi, na sasa mimi. Mwenyewe hujamwambia. Hospitali nzima inajua dripu ya kitanda cha nne ilikwisha bila kubadilishwa, isipokuwa yule aliyepaswa kuibadilisha. Yeye alichokisikia ni kwamba anatukanwa, basi.

Najua tunakotoka. Pwani tumelelewa na mafumbo. Jirani akikukera, unatafuta kanga yenye maneno yanayomgusa, unajitanda, unapita mbele ya baraza lake taratibu. Naye kesho anakujibu kwa ya kwake. Ni sanaa, na mimi sanduku langu limejaa majibu. Lakini sanaa ile ina masharti yake: mnaishi mtaa mmoja, muda mnao, na hakuna anayekufa mkijibizana mpaka Idi. Wodini katikati yenu kuna mgonjwa. Stetasi na vijembe vya kundini ni mchezo ule ule, umehamishiwa mahali ambapo hauchezeki.

Tena kijembe cha kundini hakina shabaha. Ukiandika "kuna watu", wauguzi wote wa usiku wanajitazama. Yule mpole ambaye hajawahi kuacha hata pamba sakafuni ndiye atakayelia. Mlengwa mwenyewe ama ataona hasemwi yeye, ama atajua ni yeye na ataanza kukusanya ya kwako, na ya kwako yapo, kama ya kila mtu. Skrinshoti nayo ilishamfikia matroni kabla hujamaliza chai.

Kwa hiyo anza na kuomba radhi, na uombe kule kule kundini, kwa kuwa ndiko ulikosemea. Maneno machache yanatosha: ujumbe wangu wa siku ile haukuwa wa busara, naomba mnisamehe. Usiweke "lakini". Ukiweka "lakini" umewasha moto mpya.

Kisha nenda kwa mwenyewe.

Hapa ndipo wengi mnaponiandikia kwamba haiwezekani, kwa sababu ni mkubwa. Mkubwa hasemwi mbele za watu, nami naunga mkono kabisa. Ndiyo maana nasema mwite kando. Usimkamate asubuhi anapotoka. Mtu aliyekesha, miguu imemvimba, anawaza daladala na watoto wanaokwenda shule, masikio hana. Msubiri jioni anapoingia wewe ukitoka, kabla hamjaanza kukabidhiana. Mpe shikamoo yake hata kama wiki nzima hamjasemeshana. Akiitikia kwa shingo upande, ameitikia. Halafu sema kitu kama hiki:

"Dada, nina jambo nataka tuzungumze mimi na wewe. Jumanne nilipopokea wodi, dripu ya kitanda cha nne ilikuwa imekwisha na damu imerudi kwenye mpira. Ikabidi nitoe kanula nitafute mshipa mwingine, na yule mama mishipa yake unaijua. Dawa ya saa kumi na mbili sikuikuta kwenye chati, nikashindwa kujua amepewa au bado. Usiku ule kulikuwaje?"

Humo hamna "wewe kila siku". Hamna "watu wanalalamika", maneno ambayo humfanya mtu aanze kuwasaka hao watu badala ya kuwaza dripu. Hamna uvivu. Ukimwita mtu mvivu atajitetea hadi kesho, nani asiyejitetea? Dripu ya Jumanne ni tukio, ana la kulieleza. Na ukishauliza, nyamaza. Sisi tuna maradhi ya kuuliza na kujijibu wenyewe hapo hapo: "Kulikuwaje, au ulikuwa umechoka, maana najua na mtoto anaumwa..." Unamwandalia visingizio wewe mwenyewe! Uliza, funga mdomo, ngoja.

Huenda ukaambiwa usilolijua. Kwamba alikuwa peke yake na wodi imejaa. Kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili alibadilika saa tisa usiku, akashinda naye mpaka kunakucha. Kwamba funguo za kabati la dawa zilikwenda nyumbani kwenye mkoba wa inchaji, ikawa kila dozi anakwenda kuiazima wodi ya jirani huku wagonjwa kawaacha na mlinzi. Ikiwa hivyo, mnachogombania ni funguo, na funguo zina mtu wa kuulizwa. Mnakwenda wote wawili kwa inchaji, mnaomba seti ya akiba ibaki zamu ya usiku na isainiwe kitabuni. Hakuna aliyemshtaki mwenzake.

Sisemi watu wavivu hawapo. Wapo, na wengine wana vyeo. Ila katika ugomvi mwingi wa kazini ninaoletewa, ukifukua chini hukosi ratiba iliyopangwa vibaya, au kifaa kimoja kinachogombewa na idara mbili, au kazi ambayo kila mmoja anaamini ni ya mwenzake. Sisi tunaanza kushuku tabia ya mtu. Ratiba tunaikumbuka wakati tayari tumeshanuniana.

Na akikuwakia? "Umeanza kazi jana, leo unanifundisha?" Usipande naye. "Sikufundishi, dada. Nilikosea kuanzia kundini, ndiyo maana leo nimekuja kwako." Kisha mwache apumue. Wakubwa wengi jibu lao la kwanza ni la kulinda heshima, la pili ndilo la kwao hasa, na huja baada ya siku mbili, pengine likiwa limefichwa ndani ya ombi la kumshikia zamu.

Kuna kitu kingine barua hii imenikumbusha, nacho ni pale tunapoliweka jambo zito katika mazungumzo. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca, safari namba 52, Boeing 707 iliyotoka Bogotá kupitia Medellín, ilifika karibu na New York hali ya hewa ikiwa mbaya. Ikawekwa angani ikizunguka kwa zaidi ya saa moja. Ilipojaribu kutua mara ya kwanza, ikashindwa. Rubani mkuu akamwambia msaidizi wake, aliyekuwa ndiye anayeongea redioni, awaambie waongozaji wa ndege walio chini kwamba wako katika dharura. Msaidizi akarudia kwanza maelekezo aliyopewa, kisha mkiani, kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni, akaongeza kwamba mafuta yanawaishia. Baadaye mwongozaji akamweleza kwamba atawapeleka mbali kidogo kisha awarudishe kwenye njia ya kutua, akauliza kama mafuta yao yanaruhusu. Akajibiwa kwa upole kwamba nadhani ndiyo, na ahsante sana. Injini zikazimika kwa kukosa mafuta, ndege ikaanguka Cove Neck, Long Island. Walikuwamo watu 158, walikufa 73. Wachunguzi wa Marekani walipotaja sababu, mojawapo ilikuwa kwamba marubani hawakuieleza dharura yao ya mafuta kabla mafuta hayajakwisha.

Mazungumzo yale tunayajua sana. Muuguzi anampigia daktari wa zamu usiku wa manane: "Shikamoo daktari, samahani kwa usumbufu, sijui nimekuamsha? Poleni na kazi. Aa, yule mgonjwa wetu, yule wa upasuaji wa leo, anaendelea hivyo hivyo, ila presha imeshuka kidogo..." Kidogo! Presha ni 80 kwa 50 na bandeji inalowa. Daktari amesikia "kidogo", amegeukia ukutani.

Salamu ibaki, iwe moja. Wanamaji wa nyambizi za Marekani walikuwa na mpangilio wao wa kupeana taarifa kwa ufupi, na hospitali za kwao zikauchukua: hali ikoje sasa, ilianzaje, wewe unaionaje, unaomba nini. Jaribu: "Shikamoo daktari, ni muuguzi wa wodi ya wanawake. Kitanda cha sita presha 80 kwa 50. Alifanyiwa upasuaji mchana, bandeji inalowa damu. Nadhani anaendelea kuvuja. Naomba uje sasa hivi." Adabu iko pale pale. Kile kipande cha mwisho, cha kuomba, ndicho tunachokimeza zaidi. Tunaeleza shida vizuri, halafu tunategemea mkubwa atambue mwenyewe tunataka nini, asipotambua tunanuna. Hata wewe kwa mwenzako wa usiku, ukishamsikiliza, omba kitu kinachoshikika: "Naomba kuanzia kesho tukabidhiane kwa kutembea kitanda hadi kitanda, tuangalie dripu na chati wote wawili ndipo tusaini." Hilo mnaweza kulipima baada ya wiki. "Tujitahidi kuwa makini" nani atalipima?

Sasa, kwa wengine mnaosoma. Si kila kero ni ya kuitana kando. Bosi anayekuambia mkataba wako utaongezwa ukimkubali kimapenzi hana mazungumzo ya faragha na wewe. Hiyo ni rushwa ya ngono, imo katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, kifungu cha 25, na TAKUKURU, taasisi inayopambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Hifadhi jumbe zake, usifute kwa hasira. Walio Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kukomesha unyanyasaji wa kingono, ombeni muione.

Na ukifukuzwa kazi sekta binafsi hapa Tanzania ukaona umeonewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, inataka shauri lifike ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ni siku 60. Watumishi wa umma mna ngazi zenu za rufaa, anzieni huko. Nazitaja siku hizi kwa sababu nawajua: mjomba ataongea na meneja, shehe atamsihi, tusubiri mwezi upite hasira zipoe. Mwezi ukipita, na haki ya kufungua shauri imepita. Hapo utaanza kuomba kuongezewa muda, na lazima uwe na sababu ya kueleweka.

Turudi kwako. Kuhama wodi usiombe sasa hivi. Ukiomba leo, maombi yako yatasomwa pamoja na ile skrinshoti, na utakakopelekwa utatanguliwa na jina. Wodi hiyo nayo ina zamu ya usiku. Zungumza naye kwanza, mkubaliane hilo la kitanda hadi kitanda, mpeane wiki mbili au tatu. Ikiwa bado unakuta dripu kavu, rudi kwake mara ya pili ukiwa na tarehe ulizoandika, na umwambie waziwazi kwamba safari hii ungependa inchaji awepo. Inchaji naye akilikalia, hapo andika barua yako ya uhamisho, utaje hatua ulizochukua, usimtaje mtu kwa sifa. Mwenzako asijue habari hiyo kwa matroni. Mwambie wewe kabla hujaipeleka.

Halafu niandikie alivyokujibu ile jioni ya kwanza. Akijibu vizuri nitafurahi, ila akijibu vibaya niandikie upesi, na uniandikie maneno yake yale yale, usiniandikie unavyomfikiria.