Homa ya Lassa: Kinga Huanzia Kwenye Chakula Kilichofunikwa

Mwaka 1969, katika mji mdogo wa Lassa, kaskazini-mashariki mwa Nigeria, muuguzi wa misheni aliugua homa kali akafariki. Muuguzi aliyemhudumia hospitalini naye akafa. Ndiyo sababu mpaka leo homa hii ikitajwa, wengi huwaza kwanza kumwogopa mgonjwa. Tahadhari hiyo ina msingi, kwani virusi hupita katika damu, mkojo na matapishi yake, na mhudumu hana budi kuvaa glavu. Lakini nchini Nigeria, Sierra Leone, Liberia na Guinea, ambako ugonjwa huu umeota mizizi, maambukizi mengi huanzia nyumbani, palipo na chakula. Huko ndiko nguvu kubwa ya kinga inakopaswa kuelekezwa.

Anayebeba virusi ni panya wa shambani, Mastomys natalensis, ambaye huingia majumbani kufuata nafaka, hasa wakati wa kiangazi. Yeye mwenyewe haugui, ila huacha virusi katika mkojo na kinyesi. Mtu huambukizwa akila chakula kilichochafuliwa, akivuta vumbi anapofagia ghala, au akimchuna panya kwa ajili ya kitoweo. Basi kwa nini wasiuawe wote? Katika Guinea ya Juu watafiti walijaribu kutega sumu vijijini kwa miaka 4: panya walipungua, kisha wakarudi. Jike huzaa watoto wengi kwa mkupuo mmoja, na mashamba yanayozunguka kijiji hayaishiwi na panya. Sumu na mitego husaidia, ila visipoandamana na vyombo vyenye mifuniko, kazi hurudi mwanzo kila msimu.

Wapo wanaosema ugonjwa huu unakuzwa mno, kwa kuwa takriban asilimia 80 ya walioambukizwa hawapati dalili au huugua kidogo tu. Idadi hiyo ni ya kweli, lakini haifariji. Mmoja kati ya watano huugua vibaya. Robo ya wanaopona hupata uziwi wa kiwango fulani. Na kwa mjamzito aliye katika miezi mitatu ya mwisho, hatari ya kufa yeye au mtoto ni kubwa mno. Zaidi ya hayo, siku za kwanza homa hufanana na malaria, na dawa ya ribavirini hufaa zaidi ikianzwa mapema. Anayemeza dawa za malaria kwa wiki nzima bila kupima hupoteza siku zenye thamani kubwa.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Mkulima anayeanika muhogo kando ya barabara hana ghala la saruji, na kumlaumu ni kumwonea. Ndoo yenye mfuniko au pipa la bati ni gharama ambayo halmashauri zinaweza kuchangia, nayo ni ndogo kuliko ya wodi ya kutenga wagonjwa.

Panya huyuhuyu yupo Tanzania. Virusi alivyokutwa navyo Morogoro ni jamaa ya vile vya Lassa, lakini havijulikani kuwasababishia binadamu ugonjwa, kwa hiyo hakuna sababu ya taharuki Afrika Mashariki. Aliyerejea kutoka Afrika Magharibi akapata homa ndani ya siku 21 amweleze daktari alikotoka, kabla hajachomwa sindano yoyote.