Gramu 850 Kiunoni

Bastola ya kawaida ya siku hizi, tuseme Glock 19, ikiwa na risasi zake 15 ina uzito wa gramu 850 hivi. Haifiki hata kilo moja ya chumvi. Kijana anayepandisha magunia kutoka Ziwa Katwe hadi barabarani Kabatoro angecheka akiambiwa kuna mtu mzima anayelalamikia mzigo huo. Lakini muulize afisa wa usalama avaaye kiraia, au mfanyabiashara mwenye leseni anayeshinda na bastola chini ya shati kati ya Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda. Jioni akivua mkanda utakuta alama nyekundu juu ya nyonga, mgongo umekaza upande mmoja, na mara nyingine paja limekufa ganzi. Inakuwaje gramu 850 zimshinde, wakati mama wa Kikonzo anapanda mlima wa Rwenzori na kilo 20 za ndizi mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso?

Mama huyo amefanyiwa utafiti, au tuseme dada zake wa Kenya. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake, waliopima oksijeni wanayotumia wanawake wakitembea na mizigo. Waluo walibeba kichwani. Wakikuyu walibeba mgongoni kwa kamba ya kichwani, namna ileile ya Wakonzo, na ya Wanande walio ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo. Mpaka mzigo ulipofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili, matumizi ya oksijeni hayakuongezeka. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza sababu: katika kutembea mwili hupanda na kushuka kila hatua, na wanawake hawa wakiwa na mzigo hupoteza nguvu pungufu katika kupanda na kushuka huko kuliko sisi wengine.

Sasa piga hesabu. Kwa mtu wa kilo 70, gramu 850 ni asilimia 1.2 tu ya uzito wake. Nguvu ya kuzibeba ni ndogo mno, moyo hauna habari nazo. Basi anayeteseka na bastola kiunoni hateswi na uzito wake. Anateswa na mambo matatu: eneo ambalo uzito umekalia, umbali wa uzito huo kutoka mwilini, na saa unazokaa hapohapo bila kuhama. Ala nzuri ya bastola ni ile inayotibu hayo matatu, na fundi akikuuzia kwa sifa ya ulaini wa ngozi peke yake amekuuzia robo ya dawa.

Tuanze na eneo. Jaza mfuko chumvi ya gramu 850. Dunia inauvuta kwa kani ya nyutoni 8.3. Uweke juu ya kiganja kilichofunguliwa, ambacho eneo lake ni kama sentimeta mraba 100, na mgandamizo utakuwa paskali 830 hivi. Hutasikia lolote. Sasa uzito huohuo uelekeze wote kwenye ncha ya klipu ya chuma yenye sentimeta mraba moja: mgandamizo unakuwa paskali 83,000, mara 100 zaidi. Chumvi ni ileile na mkono ni uleule. Kilichobadilika ni eneo.

Ngozi inajali mgandamizo kwa sababu chini yake kuna mishipa ya damu myembamba kuliko unywele, na damu iliyomo humo inasukumwa kwa nguvu ndogo. Kipimo ambacho waganga hukitumia kwa kukadiria ni milimeta 32 za zebaki, yaani kama paskali 4,300. Ukigandamiza ngozi kupita hapo kwa muda mrefu, mishipa inajifunga, seli zinakosa oksijeni, na neva zinapeleka taarifa kichwani kwamba kuna jambo. Usingizini unageuka upande mwingine bila hata kuamka, na tatizo linakwisha. Lakini mkanda uliobanwa haugeuki, na hapo ndipo lile jambo la tatu, la saa, linapoumiza.

Mkanda ndio wengi huusahau. Mgandamizo wake juu ya mwili unapatikana kwa kuchukua kani inayouvuta, ukaigawa kwa nusukipenyo cha kiuno, ukaigawa tena kwa upana wa mkanda. Tuchukue kiuno chenye nusukipenyo cha sentimeta 14 na mkanda uliovutwa kwa nyutoni 20. Ukiwa na upana wa sentimeta 4, mgandamizo ni paskali 3,600 hivi, chini ya ile mipaka ya damu. Ukiwa mwembamba wa sentimeta 2.5, kama ile mikanda ya suruali za harusini, unafika 5,700, juu ya mipaka. Tofauti ya kidole kimoja cha upana inaamua kama damu itapita au haitapita.

Tena kiuno si duara. Pale mbele, mfupa wa nyonga unapochomoza, mwili unapinda kwa ghafla na nusukipenyo kinaweza kushuka hadi sentimeta 5. Mkanda uleule mpana, kwa mvuto uleule, hapo unagandamiza kwa paskali 10,000. Na karibu na ncha hiyo ya mfupa hupita neva inayoleta hisia za upande wa nje wa paja. Ikibanwa, paja linawaka au linakufa ganzi, na mgonjwa anakwenda kutafutiwa ugonjwa wa mgongo wakati mbaya wake ni mkanda. Askari wa nchi nyingi wanaovaa mikanda mizito ya kazi wanaijua hali hii. Ikikutokea, sogeza ala nyuma au mbele ya mfupa huo kwa upana wa vidole viwili, na legeza tundu moja. Ukiendelea kuumwa baada ya hapo, nenda kwa daktari.

Jambo la pili ni umbali. Bastola haikai ndani ya mwili. Inaning'inia kando yake. Kama kitovu cha uzani kiko sentimeta 3 nje ya mkanda, zile nyutoni 8.3 zinataka kuuzungusha mkanda utazame chini. Mkanda unajibu kwa kusukuma mwili kwa ukingo wake wa chini na kuivuta ala kwa ukingo wa juu. Mkanda wa sentimeta 4 ulio mgumu unahitaji nyutoni 6 hivi katika kila ukingo ili kuzuia mzunguko huo. Kama kinachofanya kazi ni sentimeta 2 tu, kwa sababu mkanda ni laini na umejikunja, zinahitajika zaidi ya 12. Ndiyo maana mtu mwenye mkanda laini hukaza zaidi na zaidi kadiri siku inavyokwenda: bastola inalala nje, yeye anakaza, damu inafungwa, anaumia, na bastola bado inalala nje. Laiti angenunua mkanda mgumu asingehitaji kukaza.

Hapa kuna habari njema kwa anayetaka silaha isionekane. Kinachomfichua mtu si mtutu, kwa kuwa mtutu umeshuka sambamba na paja. Ni mpini, unaotoka mbali na mwili na kusimamisha shati. Ala inayouvuta mpini uguse mbavu inapunguza ule umbali wa sentimeta 3, na kwa hiyo inapunguza mzunguko pia. Kuficha na kustarehe vinatibiwa na dawa moja. Ala ya ndani ya suruali huusogeza uzito karibu zaidi, ila inadai suruali yenye kiuno kilichozidi inchi moja au mbili. Ukiivaa na suruali yako ya kila siku umejitengenezea kibanio. Kwa wanawake, nyonga inapopanuka chini ya kiuno husukuma sehemu ya chini ya ala nje na mpini ndani, hadi uchome mbavu. Wao watafute ala inayokaa chini zaidi ya mkanda au yenye kabari ya kuisawazisha. Ala nyingi zimepimwa kwenye viuno vya wanaume, na muuzaji hatakwambia hilo.

Kuhusu nguo, bonde hili la Kasese lina joto na koti halivaliki. Shati la kitenge lililoachwa nje linatosha. Jicho hutambua uvimbe kwa kufuata kivuli, na maua ya kitenge huvuruga kivuli hicho kuliko shati jeupe la ofisini.

Halafu kuna kukaa. Aliyesimama na aliyeketi ni miili miwili tofauti, na dukani watu hujaribu ala wakiwa wamesimama. Ukiingia taksi ya kwenda Bwera, abiria wamejaa na magoti yako yamepanda, paja linakutana na chochote kilichoko mbele ya tumbo. Bastola ya mbele inasukumwa juu kwenye tumbo, na mtutu unaelekea kinenani, mahali pa mshipa mkubwa wa damu. Kwa mtu wa safari ndefu sipendekezi mbele. Nyuma kabisa, juu ya uti wa mgongo, ndiyo mbaya zaidi: ukianguka na bodaboda, chuma kitakuwa kati ya lami na pingili zako. Upande wa mkono wako wa nguvu, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, ndipo pana nyama ya kutosha na mpindo mdogo.

Wengine hufunga bastola kifundoni mwa mguu. Mguu kila hatua unarushwa mbele, unasimamishwa, unarushwa tena, na kila mara unalipia uzito ulio mwisho wake. Vipimo vya Soule na Goldman vya mwaka 1969 vilionyesha kwamba kilo moja miguuni inagharimu nguvu kama kilo 4 hadi 6 zilizobebwa kiwiliwilini. Gramu zako 850 zimegeuka kilo 3.4 hadi 5.1. Kwa dereva anayekaa siku nzima si neno, lakini kwa mtembea kwa miguu ni adhabu ya kujitakia.

Kabatoro ina shauri lake la ziada: chumvi. Jasho lina chumvi, na hewa ya kando ya Ziwa Katwe, lisilo na mto wa kutokea, ina vumbi la chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewa na kulowana yenyewe unyevu unapopita asilimia 75. Tabaka hilo jembamba la maji ya chumvi hupitisha chembe za umeme kwa wepesi, na chuma kinapoteza elektroni zake kwa oksijeni haraka kuliko kwenye maji matamu. Hiyo ndiyo kutu. Anayetilia shaka aende akatazame mabaki ya kiwanda cha chumvi cha Katwe, ambacho mabomba yake yaliliwa na maji hayohayo yaliyokuja kuchakatwa. Ala ya ngozi inafyonza jasho na kulishikiza kwenye chuma usiku kucha. Ya plastiki ngumu hainyonyi, inaoshwa kwa maji matamu na kukauka kwa dakika chache, ila haipitishi hewa na ngozi yako chini yake inalowa. Ngozi iliyolowa kidogo ina msuguano mkubwa kuliko kavu, na hapo ndipo malengelenge huanzia. Kwa hiyo fulana ya pamba kati ya mwili na ala, na plastiki badala ya ngozi: kwa mahali hapa hilo ndilo chaguo langu.

Kuna jambo moja ambalo starehe hailinunui. Ala lazima ifunike kifyatulio chote kwa kitu kigumu ambacho kidole hakiwezi kukibonyeza kwa nje. Mfuko laini wa kitambaa, ambao ni mtamu kweli kuuvaa, hujikunja bastola ikitolewa, na ukiirudisha mkunjo au pindo la shati unaweza kuingia kwenye kifyatulio na kukivuta. Jaribu hivi: toa risasi zote, hakikisha mara ya pili, iweke bastola tupu ndani ya ala, igeuze juu chini juu ya godoro na kuitikisa. Ikianguka, ala hiyo haifai, hata iwe laini kama nini.

Jaribu starehe bila silaha kabisa. Shona kifuko chenye umbo la bastola, kijaze mchanga na vipande vya chuma mpaka gramu 850, kivae siku nzima ya kazi: inama, chuchumaa, panda boda, kaa kwenye kiti cha kanisani. Jioni tazama ngozi. Wekundu unaogeuka mweupe ukiubonyeza kwa kidole, kisha ukafifia ndani ya nusu saa, si tatizo. Kwenye ngozi nyeusi sana wekundu huo huonekana kwa shida, hivyo papasa: tafuta joto, ugumu au maumivu. Vikibaki hadi asubuhi, eneo ni dogo mno au mkanda umekaza mno.

Wengi wa wasomaji wangu hawana bastola wala hawaihitaji, na kwa sheria ya Uganda hakuna raia anayeruhusiwa kuwa nayo bila leseni. Lakini mama anayevuka daraja la Mpondwe kwenda Kasindi na pesa za biashara amezifunga kibindoni chini ya kitenge anabeba kwa kanuni hizihizi. Bunda nene mahali pamoja linaumiza na linaonekana. Ligawe matabaka mawili membamba, liweke kwenye mshipi mpana wa kitambaa kilichokunjwa, nyuma ya mfupa wa nyonga na si juu yake.

Na aliye na leseni, kama pesa zake zinatosha kitu kimoja tu mwezi huu, aache ala ya bei kubwa. Anunue mkanda mgumu wa sentimeta 4.