Jiko la Kuotea Moto Lenye Moshi Mdogo: Faida Zake na Hatari Isiyoonekana

Utangulizi

Kuota moto ni desturi ya kale, na mahali penye baridi ni hitaji la kila siku. Kati ya Juni na Agosti, familia za Makete, Njombe na Lushoto hukusanyika jioni kuzunguka moto, na wasafiri wanaopiga kambi katika nyanda za juu hufanya vivyo hivyo. Katika miaka ya karibuni limejitokeza jiko la aina mpya kwa kazi hiyo. Ni pipa fupi la chuma kisichoshika kutu, lenye kuta mbili, linaloweza kubebwa hadi kambini au kuwekwa uani. Jiko hilo lilipata umaarufu kwanza Marekani na Ulaya, lakini kanuni yake si ngeni Afrika Mashariki, kwani baadhi ya majiko banifu ya kuni hutumia njia hiyohiyo.

Sifa kuu ya jiko hilo ni kutoa moshi kidogo. Sifa hiyo ni ya kweli pale jiko linapotumiwa ipasavyo, lakini imezaa dhana ya hatari kwamba moto usiotoa moshi hauna madhara na unaweza kuingizwa hemani au chumbani. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Kwa mtumiaji wa jiko hili yafaa kuongezwa jambo moja: pasipofuka moshi, sumu yaweza kuwapo.

Namna jiko linavyopunguza moshi

Moshi wa kuni ni mchanganyiko wa gesi, mvuke na chembechembe ambazo hazikuungua kikamilifu. Katika moto wa kawaida wa mafiga, sehemu kubwa ya vitu hivyo hutoroka kabla ya kukutana na joto na hewa ya kutosha. Jiko lenye kuta mbili huzuia upotevu huo. Hewa huingia kupitia matundu ya chini. Sehemu yake hulisha moto moja kwa moja, na sehemu nyingine hupanda katikati ya kuta mbili, hupata joto, kisha hutokea kwenye matundu ya juu karibu na ukingo. Hapo hewa hiyo ya moto hukutana na moshi unaopanda na kuuunguza kwa mara ya pili.

Kanuni hii ina masharti. Jiko likiwa bado baridi, kuni zikiwa mbichi, au zikijazwa hadi kuziba matundu ya juu, uunguaji wa pili haufanyiki na moshi hurudi kuwa mwingi. Kuni zinazofaa ni zile zilizokauka vizuri, zenye unyevu usiozidi asilimia 20, zilizopasuliwa vipande vyembamba.

Moshi mdogo bado ni moshi

Chembechembe zenye madhara makubwa kwa mapafu na moyo ni zile zenye kipenyo cha chini ya mikroni 2.5, ilhali unywele wa binadamu una wastani wa mikroni 70. Jicho haliwezi kuiona chembe moja ya aina hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri kiwango cha chembechembe hizo kisizidi mikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 24. Mtu aliyeketi upande ambao upepo unapeleka moshi anaweza kuvuta kiasi kikubwa zaidi ya hicho kwa muda mfupi, hata kama jiko linaonekana safi.

Kwa hiyo mgonjwa wa pumu, mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, mwenye maradhi ya moyo, mjamzito na mtoto mchanga wanapaswa kuketi upande unaotoka upepo na kukaa kwa muda mfupi. Mgonjwa wa pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni, si ndani ya begi lililobaki garini. Akianza kukohoa au kubanwa kifua, hatua ya kwanza ni kuondoka karibu na moto.

Hatari kubwa: makaa yasiyotoa moshi

Hatari inayoua haipo wakati wa miali mikubwa, bali usiku moto unapopungua. Miali huisha, moshi hutoweka, na chini ya jiko hubaki makaa mekundu yenye joto la kupendeza. Huu ndio wakati watu hushawishika kuliingiza jiko ndani ili lipashe joto wakiwa wamelala.

Makaa hayo huendelea kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, harufu wala ladha. Miali midogo ya buluu inayochezacheza juu ya makaa ni gesi hiyo ikiungua. Makaa yakipoa kidogo, miali ya buluu huzimika, lakini gesi huendelea kutoka bila kuungua. Hivyo makaa yanayoonekana kuwa yametulia yanaweza kuwa ndiyo yanayojaza chumba sumu.

Ikiingia mapafuni, kaboni monoksaidi hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu huendelea kuzunguka, lakini haiwezi kufikisha oksijeni ya kutosha kwenye ubongo na moyo. Aliyelala huenda asiamke kabisa, kwa kuwa gesi hii haimkeri puani wala haimkohozi. Nchini Uingereza, vifo vimetokea kambini baada ya majiko madogo ya kuchomea nyama, yaliyodhaniwa kuwa yamezimika, kuingizwa hemani. Hatari ni hiyohiyo kwa jiko la mkaa linaloachwa chumbani usiku wa baridi.

Kufungua dirisha kidogo au kuacha zipu ya hema wazi si kinga ya kutegemewa. Kitambaa cha hema kikilowa mvua au umande hupitisha hewa kidogo zaidi. Kanuni ni moja: jiko linalotumia kuni au mkaa halilali ndani, liwe na miali au makaa, liwe na moshi au lisiwe nao.

Matumizi salama hatua kwa hatua

1. Jiko liwekwe juu ya ardhi tupu, mawe au mchanga ulio sawa, angalau mita 3 kutoka kwenye hema, ukuta wa mbao, makuti au nyasi kavu. Lisiwekwe chini ya turubai wala ndani ya kibaraza kilichozibwa.

2. Moto uwashwe kwa vijiti vikavu. Petroli, mafuta ya taa na spiriti visimiminwe motoni kamwe, kwani mwali unaweza kurukia chombo kilicho mkononi.

3. Plastiki, mbao zenye rangi, mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na mabaki ya nguzo za umeme visichomwe. Dawa za mbao zinaweza kuwa na aseniki au kreosoti, na madhara yake hubaki katika moshi na majivu.

4. Watoto wakae angalau mita 1 kutoka ukingoni, chini ya uangalizi wa mtu mzima asiyelewa. Mtu mwenye kifafa asiketi karibu na moto bila msaidizi. Ukuta wa chuma huendelea kuunguza muda mrefu baada ya miali kuisha.

5. Moto uachwe uungue hadi mwisho kabla ya watu kwenda kulala. Kumwagia maji chuma kilicho moto sana kunaweza kurusha mvuke unaounguza uso. Majivu yawekwe kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko na kibaki nje, kwa kuwa cheche zinaweza kudumu hadi siku inayofuata.

6. Baridi ya usiku ikabiliwe kwa mablanketi, mavazi makavu ya tabaka kadhaa, mkeka au godoro linalotenganisha mwili na ardhi, na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringishiwa kitambaa.

Huduma ya kwanza

Mtu aliyeungua atolewe kwenye chanzo cha moto. Sehemu iliyoungua ipozwe kwa maji safi yanayotiririka, yenye ubaridi wa kawaida, kwa dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zikifunikwa ili asipate baridi. Pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe. Dawa ya meno, mafuta, asali, yai na barafu visipakwe. Baada ya kupoza, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi. Majeraha ya uso, mikono, viungo na sehemu za siri, pamoja na majeraha makubwa ya watoto, yapelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Anayeshukiwa kuvuta kaboni monoksaidi atolewe nje kwenye hewa safi mara moja. Mwokoaji afungue milango, asikae ndani, na asimwache mwingine aliyelala humo. Asipopumua, apewe huduma ya kurejesha upumuaji na mapigo ya moyo na anayeiweza, wakati msaada unaitwa.

Kwa mtoa huduma za afya

Dalili za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu, nazo hufanana na za malaria, mafua au ulevi wa jana. Mambo mawili huelekeza fikra: mgonjwa mara nyingi hana homa, na walioshiriki naye chumba au hema nao wana dalili zilezile. Swali la kuuliza ni fupi: «Mlilala na jiko ndani?»

Kifaa cha kawaida cha kupima oksijeni kidoleni hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksaidi, hivyo asilimia 98 inaweza kusomeka kwa mgonjwa aliye hatarini. Oksijeni ya kiwango cha juu, kwa barakoa yenye mfuko wa akiba, ianze mara moja bila kusubiri kipimo. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu huondoka katika damu kwa takriban saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni ya asilimia 100 muda huo hupungua hadi karibu saa 1 hadi saa 1 na nusu. Mjamzito huhitaji oksijeni kwa muda mrefu zaidi na rufaa, kwa kuwa gesi hii huondoka polepole kwa kijusi. Ndugu waelezwe kwamba usahaulifu, mabadiliko ya tabia au mwendo usio thabiti vinaweza kutokea siku au wiki kadhaa baadaye, na vikitokea mgonjwa arudishwe.

Hitimisho

Jiko lenye moshi mdogo ni hatua njema: linapunguza adha ya macho, linatumia kuni vizuri na linafaa kwa mazungumzo ya jioni. Mahali pake ni nje. Watu wanapoingia kulala, jiko na makaa yake yabaki nje.