Kura ya Nairobi: Namna ya Kujiandikisha na Kupiga

Watu wengi hudhani kwamba kura ni kazi ya siku moja, yaani siku ile ya kusimama foleni. Sivyo. Kura ya mtu akaaye Nairobi huamuliwa miezi mingi kabla ya siku hiyo, wakati jina lake linapoandikwa katika daftari la wapiga kura. Mahali jina lilipoandikwa ndipo kura itakapopigwa, wala si mahali pengine po pote. Aliyeandikwa Nairobi atachagua viongozi wa Nairobi. Aliyeandikwa Kakamega au Kitui atachagua viongozi wa huko, hata kama amekaa mjini miaka 20 na watoto wake wote wamezaliwa mjini. Na yule ambaye hakuandikwa mahali po pote hatachagua mtu ye yote.

Kwa sababu hiyo yafaa kila mkaaji wa jiji afahamu vema mambo haya, na hata wale wakaao mashambani yawafaa, maana karibu kila nyumba ina mtoto au ndugu aliyekwenda Nairobi kutafuta kazi.

KWA NINI KURA YA JIJI NI KITU KIKUBWA

Kwa Katiba ya mwaka 2010 nchi ya Kenya iligawanywa katika kaunti 47, na jiji la Nairobi ni mojawapo. Kaunti ndiyo iliyopewa kazi ya zahanati na hospitali za kaunti, kuondoa takataka, kupeleka maji na kuondoa maji machafu, barabara za kaunti na taa zake, masoko, leseni za biashara, na shule za watoto wadogo wasiofikia umri wa shule ya msingi. Mama auzaye mboga sokoni, fundi mwenye kibanda kando ya njia, na mzazi anayempeleka mtoto mgonjwa zahanati, wote hao hukutana na kazi ya kaunti kila siku ya Mungu. Taka zikirundikana mlangoni pake, si Gavana wa kaunti ya nyumbani kwao atakayeziondoa.

Hapo zamani wakaaji wa Nairobi hawakumchagua mkuu wa jiji lao kwa kura zao wenyewe. Meya alichaguliwa na madiwani. Tena mwaka 1983 Baraza la Jiji lilivunjwa, na jiji likaendeshwa na Tume iliyowekwa na Serikali hata ulipofika uchaguzi wa mwaka 1992. Mwaka 2013 ndipo wakaaji walipomchagua Gavana wa Nairobi wao wenyewe, kwa mara ya kwanza.

Wala haki ya kupiga kura yenyewe haikuja siku moja. Mwezi wa Machi, mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipopiga kura mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, si kila mtu mzima aliyeruhusiwa. Ilimpasa mtu aonyeshe elimu yake, au mapato yake, au mali yake, au utumishi wake, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura mpaka tatu huku jirani yake hana hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa tena wawe na hati ya kuonyesha utii kwa Serikali. Katika uchaguzi huo Tom Mboya alipata kiti cha Nairobi. Haki ya kila mtu mzima kuwa na kura moja ilikuja katika uchaguzi wa mwaka 1963. Basi mtu asemaye kwamba kura si kitu, na akumbuke kwamba pengine babu yake alinyimwa.

NI NANI AWEZAYE KUJIANDIKISHA

Anayetaka kuandikwa sharti awe raia wa Kenya aliyetimiza umri wa miaka 18. Sharti awe na akili timamu, na asiwe mtu aliyehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyopita. Haulizwi mali, wala kisomo, wala kazi.

Kitu cha kuchukua mkononi ni kimoja tu: kitambulisho cha taifa, ambacho wengi hata leo hukiita kipande, au pasipoti ya Kenya. Stakabadhi ya kuonyesha kwamba mtu ameomba kitambulisho haitoshi. Kwa hiyo kijana aliyefikisha miaka 18 asingoje uchaguzi ukaribie ndipo aanze kutafuta kitambulisho, maana kitambulisho chenyewe huchukua siku zake. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kazi ya kuandika ni ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Tume hiyo ina ofisi katika kila eneo bunge, na Nairobi ina maeneo bunge 17, ambayo ndani yake mna wadi 85. Karani wa Tume huandika habari za mtu, humpiga picha, na kuchukua alama za vidole vyake kwa mashine. Hakuna ada ya kulipa. Mtu akiombwa fedha ili jina lake liandikwe, na ajue kwamba anadanganywa.

Kuandikwa mara mbili ni kosa la jinai. Aliyekwisha kuandikwa nyumbani kwao asijiandikishe tena mjini kama mtu mpya. Njia yake ni nyingine, nayo yaelezwa hapa chini.

ALIYEHAMA AFANYE NINI

Mfano ni huu. Mtu mmoja aliandikwa nyumbani kwao Kakamega alipokuwa kijana. Baadaye alikuja Nairobi, akapata kazi ya ufundi wa viatu, akapanga chumba Kawangware. Sasa huu ni mwaka wake wa kumi na mbili mjini. Kila uchaguzi ukifika hana budi kulipa nauli ya kwenda na kurudi, na mwaka asiokuwa na nauli hukaa tu akiwatazama wenzake wakienda kituoni. Tena, hata akienda, kura yake haigusi zahanati ya Kawangware wala barabara apitayo kila siku.

Mtu kama huyo si mkosaji. Sheria inamwachia achague. Akiona kwamba moyo wake na shamba lake viko Kakamega, na abaki katika daftari la huko. Lakini akitaka kura yake imfae hapa alipo, yampasa aombe kuhamishwa. Huenda katika ofisi ya Tume ya eneo bunge analotaka kuhamia, na kitambulisho chake, akajaza fomu ya kuomba kuhamishwa. Ombi hilo sharti lifike si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Atakayekuja siku ya 89 amechelewa, hata akieleza namna gani.

Kuna na wale wanaohama ndani ya jiji lile lile. Aliyeandikwa Kawangware, kisha akahamia Kayole, bado ataweza kumchagua Gavana wa Nairobi. Lakini yampasa arudi kupigia kura kituo chake cha Kawangware, na Mbunge na mwakilishi wa wadi atakaowachagua ni wa kule alikotoka. Huyo naye na aombe kuhamishwa.

Kabla ya uchaguzi Tume huwapa watu nafasi ya kulikagua daftari. Nafasi hiyo isipuuzwe. Herufi moja iliyokosewa katika jina, au tarakimu moja katika nambari ya kitambulisho, husahihishwa kwa urahisi wakati ule. Siku ya kura yenyewe, ni shida.

SIKU YA KUPIGA KURA

Uchaguzi mkuu hufanywa Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Lakini mtu aliyekwisha kuingia katika foleni kabla ya saa 11 haruhusiwi kufukuzwa. Atapiga kura yake hata giza likiingia. Basi aliye katika foleni asiondoke.

Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Kwa hiyo katika shule moja ya Nairobi huwa na vituo vingi, kila darasa kituo chake, na watu hugawanywa kwa herufi za majina yao. Mtu na atazame kwanza karatasi iliyobandikwa mlangoni, asije akasimama saa tatu katika foleni isiyo yake.

Mpiga kura huenda na kitambulisho kile kile, au pasipoti ile ile, aliyojiandikisha nayo. Karani huweka kidole chake juu ya mashine ili kumtambua. Mikono ya watu wafanyao kazi ngumu huwa na sugu, na pengine mashine haizisomi alama. Hilo likitokea mtu asiondoke kwa hasira, kwa kuwa zipo njia nyingine za kumtambua zilizowekwa kwa sheria. Amwite msimamizi wa kituo.

Akishatambuliwa hupewa karatasi sita za kura, kila moja na rangi yake: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mbunge, ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na ya mwakilishi wa wadi. Wengine hudhani kwamba mwakilishi wa wanawake huchaguliwa na wanawake peke yao. Hapana, wanaume na wanawake wote humchagua. Naibu wa Gavana hana karatasi yake, maana huchaguliwa pamoja na Gavana.

Katika kila karatasi mtu hutia alama moja tu, katika nafasi ya mtu mmoja tu. Akitia alama kwa watu wawili, kura hiyo imeharibika. Asiandike jina lake wala maneno yo yote. Akikosea kabla hajaitia sandukuni, airudishe kwa msimamizi aombe nyingine. Kisha kila karatasi huikunja na kuitia katika sanduku lenye kifuniko cha rangi yake. Mwisho hutiwa wino usiofutika kidoleni, ili asiweze kurudi mara ya pili.

KURA NI SIRI

Wazee wanaukumbuka mwaka 1988, wakati wa uchaguzi wa mlolongo, watu waliposimama mstari nyuma ya watu waliowataka, hadharani, mbele ya chifu, mbele ya mwajiri, mbele ya mwenye nyumba. Siku hizi mpiga kura huingia peke yake katika kibanda, na hakuna mwenye haki ya kumwuliza amemchagua nani, awe mume, awe bwana wa kazi, awe kiongozi wa dini.

Asiyeweza kusoma au kuona anaweza kusaidiwa na mtu mzima anayemwamini, ambaye huapa kutunza siri. Na kama hana mtu, msimamizi atamsaidia mbele ya mawakala wa wagombea.

Kutoa rushwa kwa ajili ya kura ni kosa, na kuipokea ni kosa pia. Wako na wale wanaokodi au kununua vitambulisho vya watu siku chache kabla ya kura, ili wenyewe wasiweze kufika kituoni. Mtu asimpe mwingine ye yote kitambulisho chake amtunzie. Fedha hiyo huliwa siku mbili, na uongozi hudumu miaka mitano.

Jioni kura huhesabiwa pale pale kituoni mbele ya mawakala, na matokeo hubandikwa mlangoni ili kila mtu ayaone.

HESABU YA MWAKA 2022

Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, mwaka 2022, majina yaliyokuwa katika daftari la Nairobi yalizidi 2,400,000. Johnson Sakaja alichaguliwa Gavana kwa kura 699,392, na Polycarp Igathe aliyemfuata alipata 573,516. Tofauti yao ni kura 125,876. Ukijumlisha kura za hao wawili hazifikii 1,300,000. Waliobaki ni zaidi ya milioni moja: wachache waliwapigia wagombea wengine, wengine kura zao ziliharibika, na walio wengi hawakufika kituoni. Hao hawakukosa haki, kwa maana majina yao yalikuwa daftarini. Wangaliweza kumthibitisha aliyeshinda au kumpa mwingine nafasi yake, lakini waliwaachia wengine kuamua. Na wale ambao majina yao hayakuandikwa kabisa hawamo hata katika hesabu hii.

MASWALI KWA WANAOJIFUNZA PAMOJA

1. Ni kazi zipi za kaunti unazoziona mtaani mwako?
2. Aliyeandikwa shambani, naye anakaa mjini, aombe kuhamishwa siku ngapi kabla ya uchaguzi?
3. Mashine isipozisoma alama za vidole vyako, utamwita nani?
4. Jina lako limeandikwa wapi?